Kilti ya zamani ya jeshi: ni Black Watch, Argyll, Gordon, Seaforth au Cameron?

Dada mmoja wa Tanga aliyeolewa Dundee, kule Scotland, aliniletea kilti ya zamani, ile sketi ya marinda ya wanaume wa kule, imekunjwa ndani ya foronya. Ilikuwa ya babu yake mumewe, aliyepigana Vita Kuu ya Kwanza. Kijana wao anaoa mwakani, na familia inataka ashonewe kilti mpya ya tartani ileile, yaani ile sufu ya drafti inayotambulisha kikosi. "Shemeji yako anasema ni Black Watch," aliniambia akiitandaza mezani. "Wifi anasema ni Gordon. Mwenye duka la vitambaa naye anasubiri jibu akate yadi nane. Fundi, hebu tuambie wewe."

Yadi 8 za sufu nzito si pesa ya kujaribia, na kitambaa kikishakatwa hakirudi dukani. Lakini bei siyo iliyonikalisha chini kuandika. Mzee yule hakuacha barua, na picha zake zilipotea. Alichoacha ni vazi hili. Ukimvika kitukuu wake tartani ya kikosi kingine siku ya harusi, umebadilisha habari pekee ambayo babu aliiacha kwa mkono wake.

Kazi yangu ni kutengeneza nguo za zamani, na kilti za jeshi zimepita mezani kwangu nyingi. Zile zinazochanganywa zaidi ni tano, pamoja na ndugu zao wachache. Nimezilaza hapa ubavu kwa ubavu ili mwenye kilti isiyo na jina aweze kuchagua.

Kitambaa kimoja, mistari tofauti

Anayejua kanga ataelewa haraka. Kanga tunaitambua kwa pindo, mji na jina. Tartani haina pindo wala jina. Ni mji mtupu unaojirudia toka ukingo mmoja hadi mwingine, na utambulisho wake wote umo katika mpangilio wa nyuzi: rangi gani, nyuzi ngapi, kisha rangi gani inafuata. Mpangilio wa mtande, yaani nyuzi za urefu, ndio huohuo unaorudiwa kwenye mshindio, yaani nyuzi za upana, ndipo zinapotokea drafti.

Ugumu wa kilti za jeshi umetokana na historia yake. Mwaka 1725 Jenerali George Wade aliunda vikosi vya kulinda Nyanda za Juu za Scotland. Mwaka 1739 vikaunganishwa kuwa rejimenti moja, ambayo baadaye ilipewa namba 42 na kujulikana kama Black Watch. Tartani yao, iitwayo tartani ya Serikali, ni ya buluu iliyokoza, nyeusi na kijani. Baada ya uasi wa 1745, sheria iliyopitishwa 1746 iliwapiga marufuku raia wa kiume kuvaa mavazi ya Nyanda za Juu. Marufuku hiyo iliondolewa 1782, lakini kwa miaka yote hiyo askari waliruhusiwa kuendelea kuvaa. Kilti ikalelewa jeshini. Rejimenti mpya zilipoanzishwa baadaye, nyingi hazikubuni tartani upya. Zilichukua kitambaa kilekile cha Serikali zikakiongezea mstari wa rangi.

Mwaka 1881 jeshi la Uingereza lilipangwa upya, na rejimenti za miguu zilizobaki na kilti zikawa tano: Black Watch, Seaforth, Gordon, Cameron, na Argyll and Sutherland. Kilti iliyovaliwa na babu wa mtu katika vita vya 1914 hadi 1918, mara nyingi ni ya mojawapo ya hizo.

Kwa hiyo kila nikiletewa kilti nyeusinyeusi yenye ukijani, swali langu la kwanza ni moja: juu ya kitambaa cha Serikali kuna mstari gani? Ukilijibu hilo vizuri, sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

Fungua rinda kwanza

Usiitazame kilti chini ya taa. Ipeleke dirishani mchana. Hata hapo, usiuamini upande wa nje. Miaka mia ya jua, mvua, moshi na kabati lenye unyevu huzivuruga rangi. Njano huchujuka ikawa kama maziwa. Nyeupe huchafuka ikawa kama maziwa pia. Nyekundu hugeuka kahawia, na buluu iliyokoza humezwa na nyeusi. Ndiyo maana ndugu wawili wa damu moja wanaweza kuitazama kilti moja, mmoja akaapa ni Gordon na mwingine akaapa ni Black Watch, na wote wakawa wanasema wanachokiona.

Ukweli umo ndani ya marinda. Marinda ya kilti hushonwa toka kiunoni hadi nyongani tu. Kuanzia hapo kwenda chini yako huru, kwa hiyo huhitaji kufumua chochote. Shika rinda moja kwa vidole viwili, litandaze, uangalie lile bonde la ndani ambalo jua halijawahi kuliona. Kilti ya yule dada kwa nje ilikuwa nyeusi na kijani cha majani yaliyokauka, na mstari mmoja wa rangi ya chai ya maziwa. Nilipolitandaza rinda la nne toka kushoto, buluu ilitokea, safi, kana kwamba kitambaa kimetoka kwenye kitanda cha mfumi wiki iliyopita. Yule dada alisogeza kiti karibu.

Chukua kioo cha kukuzia na karatasi. Tafuta katikati ya mraba wa buluu, pale ambapo rangi za kushoto na kulia zinafanana kama uso na kioo, kisha tembea upande mmoja ukiandika kila rangi kwa zamu mpaka ufike katikati ya mraba wa buluu unaofuata. Tembea upande mmoja tu. Ukichanganya mtande na mshindio utapata orodha isiyo na maana.

Black Watch na Argyll

Hizi mbili ndizo zinazowatesa hata wazoefu, kwa sababu hazina mstari wa rangi kabisa. Zote ni tartani ya Serikali, nyuzi kwa nyuzi. Tofauti iko kwenye ukolezi: Black Watch ni nzito, buluu yake karibu iwe nyeusi, na ya Argyll and Sutherland ni nyepesi zaidi, kijani na buluu zinaonekana wazi.

Kwenye kitambaa kipya tofauti hiyo utaiona ukiwa mlangoni. Kwenye kilti ya miaka mia, ukolezi ni shahidi dhaifu. Black Watch iliyoanikwa juani kila kiangazi inaweza kufika palepale Argyll ilipoanzia.

Hapo ndipo marinda yanapotoa ushahidi wa pili. Fundi wa kilti za kiraia kwa kawaida hukunja marinda ili drafti ya mbele iendelee nyuma bila kukatika. Jeshi lilikunja kwa kufuata mstari: kila rinda huonyesha sehemu ileile ya mchoro, hivyo upande wa nyuma wa kilti haufanani na wa mbele. Argyll walikunja kijani kikae nje. Black Watch walikunja buluu ikae nje. Itundike kilti, urudi nyuma hatua tatu, uitazame mgongo wake. Ukiona kijani kimetawala toka ubavu hadi ubavu, ni Argyll. Ukiona giza la buluu, ni Black Watch. Mimi nauamini mkunjo kuliko rangi, kwa sababu rangi huharibiwa na jua, lakini mkunjo hauhami mpaka fundi mwingine aufumue.

Na mafundi wengine huufumua, kwa hiyo angalia matundu ya sindano ya zamani. Kilti iliyopunguzwa kiuno ili kijana wa miaka ya baadaye aivae dansini huwa na mistari miwili ya matundu, ule wa zamani na ule mpya. Fuata ule wa zamani.

Tahadhari nyingine ni kwamba tartani ya Serikali haikuwa ya rejimenti hizi mbili peke yake. Glasgow Highlanders, bataliani ya askari wa akiba chini ya Highland Light Infantry, walivaa kilti za tartani hiyo wakati rejimenti yao mama ilivaa suruali za tartani. Huko Kanada kuna Black Watch ya Montreal. Na tangu 2006, rejimenti za Scotland zilipounganishwa kuwa Royal Regiment of Scotland, kilti ya wote imekuwa ya ule ukolezi mwepesi waliokuwa nao Argyll. Kilti nyepesi yenye bitana safi na lebo ya kisasa huenda ni ya baada ya hapo.

Jina la Black Watch lilifika hadi kwetu, tena kwa njia chungu: bataliani yake ya kwanza ilipelekwa Kenya 1953 kupigana na Mau Mau. Wazee waliowaona hawakuwaona na kilti porini. Kufikia wakati huo lilikuwa vazi la gwaride.

Gordon na Seaforth, na ndugu zao wa karibu

Hapa ndipo kilti nyingi zisizojulikana huangukia, na hapa ndipo makosa ya kununua kitambaa hutokea.

Gordon ni tartani ya Serikali yenye mstari mmoja wa njano unaopita katikati ya mraba wa kijani. Asili yake inajulikana vizuri. Duke wa Gordon alipokuwa akiunda vikosi vyake, mfumi William Forsyth wa mji wa Huntly alimpelekea mwaka 1793 vielelezo vya kitambaa cha Serikali vikiwa na mistari ya njano: kimoja mstari mmoja, kingine miwili, kingine mitatu. Duke akachagua wa mmoja. Rejimenti ikaanzishwa 1794. Marinda ya Gordon yalikunjwa mstari wa njano usimame juu ya kila rinda, kwa hiyo mgongo wa kilti hiyo una mistari ya njano iliyonyooka kama miwa shambani. Ukishaiona mara moja huisahau.

Seaforth walivaa tartani ya Mackenzie. Nayo ni kitambaa cha Serikali, lakini kina mistari miwili ya rangi inayopokezana: mweupe juu ya kijani, mwekundu juu ya buluu. Ikiwa mpya, hakuna atakayeichanganya na Gordon. Ikiwa kuukuu, mweupe umechafuka ukawa kama njano iliyochujuka, na mwekundu umejificha ndani ya buluu iliyogeuka nyeusi. Mtu anaona mstari mmoja hafifu juu ya kijani, anasema Gordon. Wifi alikosea kwa namna hiyohiyo, na mimi simlaumu. Niliwahi kukosea hivyo mwenyewe kwenye kazi ya mteja, nikaokolewa na mwanafunzi wangu aliyeuliza ule wekundu wa ndani ni doa au ni uzi.

Kwa hiyo mstari hafifu ukikukwamisha, acha kubishana kama ni mweupe au wa njano. Nenda kwenye mraba wa buluu, ufungue rinda, utafute uzi mwekundu. Ukiwepo na mstari wa kwenye kijani ukawa mweupe, ni Mackenzie. Usipokuwepo kabisa, mahali popote, Mackenzie imeondoka mezani.

Lakini kutokuwepo kwa mwekundu hakumaanishi moja kwa moja kwamba umebaki na Gordon. Wapo ndugu. Forbes ina mstari mweupe juu ya kijani uliopakana na nyeusi, na haina mwekundu. Hiyo ndiyo iliyovaliwa na Liverpool Scottish, watu wa asili ya Scotland waliokaa Liverpool, Uingereza, nao walipigana Vita Kuu ya Kwanza. Lamont inafanana na Forbes, ila mstari wake mweupe hauna nyeusi pembeni. MacLeod of Harris ina njano juu ya kijani na nyekundu juu ya buluu, yaani kana kwamba Mackenzie imebadilishiwa nyeupe kuwa njano. Hii ya mwisho ni hatari sana kwa anayeamua kwa haraka, maana kwenye kitambaa kilichochujuka inataka kusomwa kama Mackenzie. Dawa yake ni ileile: nenda chini kabisa ya rinda, ulinganishe mstari na kipande cha karatasi nyeupe na uzi wa njano uliouweka kando yake.

Na ukikuta mistari ya rangi ni myekundu tu, hakuna mweupe wala wa njano, fikiria Murray of Atholl. Tartani hiyo ilisafiri mbali. Ilivaliwa na Transvaal Scottish wa Johannesburg, rejimenti iliyoanzishwa 1902, na ikavaliwa na rejimenti ya nne ya Afrika Kusini, wale South African Scottish waliopigana kwenye msitu wa Delville, Ufaransa, Julai 1916. Familia yenye babu aliyekaa Afrika Kusini isiiruke. Vilevile Cape Town Highlanders walivaa Gordon, kwa hiyo kilti ya Gordon haimaanishi lazima mtu wa Aberdeen, nyumbani kwa Gordon.

Mackenzie ina swali moja la ziada, kwa kuwa Highland Light Infantry nao walikuwa na tartani hiyohiyo. Jibu ni rahisi. Hao walivaa suruali za tartani mpaka 1947 waliporuhusiwa kilti. Kilti ya Mackenzie ya Vita Kuu ya Kwanza basi inaelekea Seaforth, au Seaforth wa Kanada wenye makao Vancouver.

Sasa nirudi kwenye rinda la nne. Chini ya kioo, katikati ya buluu ile safi, kulikuwa na nyuzi chache nyekundu kama mbegu za komamanga, zikipita juu na chini ya nyuzi nyingine bila kukatika. Kwa nje, mahali hapohapo, palikuwa na kivuli cha kahawia ambacho familia nzima ilidhani ni uchafu. Mstari wa kwenye kijani, ulipowekewa karatasi kando, ulikuwa mweupe. Si Black Watch ya shemeji wala Gordon ya wifi.

Cameron

Hii haihitaji maneno mengi, kwa kuwa ndiyo pekee kati ya tano isiyotokana na kitambaa cha Serikali. Alan Cameron wa Erracht alianzisha rejimenti ya 79 mwaka 1793, na masimulizi ya rejimenti yanasema tartani aliibuni mama yake kwa kuchukua ya Macdonald na kuiongezea mstari wa njano. Utaona mistari myekundu kadhaa, minene na myembamba, juu ya kijani na buluu, pamoja na mmoja wa njano. Ukihesabu wekundu ukapata zaidi ya mstari mmoja kwa kila mraba, na njano ikawepo, acha kutafuta kwingine. Nje ya Scotland imevaliwa pia na rejimenti za Cameron za Ottawa na Winnipeg.

Ikiwa si mojawapo ya hizi

Kilti nyekundu ya kung'aa, yaani Royal Stewart, karibu kila mara ilikuwa ya mpiga zumari wala si ya askari wa kawaida. Wapiga zumari wa Black Watch waliivaa huku wenzao wakivaa ya Serikali, na wa Scots Guards pia. Kilti isiyo na drafti, ya rangi moja kati ya kijivu na kahawia, ni ya London Scottish, walioichagua 1859 kwa makusudi ili ukoo wowote usijione umependelewa. Toronto Scottish wa Kanada waliifuata. Ya rangi ya zafarani ni ya wapiga zumari wa Ireland. Na tartani ya Davidson kwenye kilti ya jeshi inakupeleka Toronto, kwa rejimenti ya 48 ya Highlanders, ambayo kamanda wake wa kwanza mwaka 1891 alikuwa na jina hilo.

Ushahidi mwingine una uzito gani

Mihuri kwanza. Geuza kilti, tazama bitana na sehemu ya kiunoni. Mali ya jeshi la Uingereza ilipigwa alama ya mshale mpana, na mara nyingine herufi za idara ya vita, tarehe na namba. Mshale unathibitisha kwamba vazi lilitolewa jeshini, lakini hautaji rejimenti. Ofisa alijishonea kwake kwa fundi wake, kwa hiyo kilti yake yaweza kukosa mshale na kuwa na sufu laini zaidi. Kukosa mshale si kukosa ujeshi.

Sporani, ule mfuko wa manyoya unaoning'inia mbele, huwapa watu furaha ya haraka. Kweli zilitofautiana: Black Watch nyeupe yenye vishada vitano vyeusi, Argyll vishada sita vyeupe, Cameron nyeusi yenye vishada viwili vyeupe. Tatizo ni kwamba sporani si sehemu ya kilti. Hufunguliwa, huuzwa peke yake, huunganishwa na kilti ya mtu mwingine na muuzaji anayetaka seti ikamilike. Mimi huitumia kuunga mkono jambo ambalo kitambaa kimeshalisema, siitumii kupinga kitambaa.

Mahali alipotoka mtu ndiko familia nyingi zinakoanzia, na ndiko shemeji alikoanzia. Dundee ni eneo la Black Watch, Aberdeen la Gordon, Inverness la Cameron, Ross na Caithness la Seaforth, Stirling la Argyll. Ni kweli wakati wa amani. Vita vilipopamba moto, mtu alipelekwa palipopungua watu, na aliyeandikishwa mji mmoja aliweza kumaliza vita na kikosi cha mji mwingine.

Ushahidi wenye nguvu kuliko yote nje ya kitambaa ni medali. Medali mbili za Uingereza walizopewa askari wengi wa Vita Kuu ya Kwanza zimechongwa jina, namba na kikosi cha mhusika kwenye ukingo. Watu huzitazama usoni na mgongoni, ukingo wakausahau. Kwa kawaida kikosi kilichochongwa ni kile alichoingia nacho vitani mara ya kwanza, kwa hiyo kama alihamishwa baadaye, kilti na medali zinaweza kutofautiana na zote zikawa za kweli. Rekodi za utumishi zipo kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew, lakini sehemu kubwa iliungua kwa mabomu Septemba 1940. Kadi za medali zilisalia, na huonyesha kikosi.

Uende kwa nani: rejista, jumba la makumbusho au duka

Scotland ina Rejista ya Tartani, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2008 na kufunguliwa 2009. Unaweza kutafuta bila malipo kwa jina na kwa rangi. Ni nzuri ukishaandika mpangilio wa nyuzi zako. Ukiingia na picha kichwani tu, utapotea, kwa sababu tartani za buluu na kijani ni nyingi mno, nyingi zikiwa za majuzi za makampuni na familia ambazo haziwezi kuwa kwenye kilti ya 1915.

Jumba la makumbusho la rejimenti ni polepole zaidi, lakini hapo utakutana na mtu aliyezishika kilti zenyewe. Ukisimama kati ya Black Watch na Argyll, mimi ningeenda huko kuliko kwingine: Black Watch wako Balhousie Castle mjini Perth, Argyll wako ngome ya Stirling. Gordon wako Aberdeen. Seaforth na Cameron wako Fort George karibu na Inverness. Peleka picha tatu: mbele, mgongo wote, na rinda lililofunguliwa mchana. Picha ya mbele peke yake haiwasaidii.

Mwenye duka la vitambaa anajua tartani za leo vizuri kuliko sisi sote, lakini yeye hulinganisha kilti yako na vipande vyake vipya. Mwendee mwishoni, ukiwa na jina tayari.

Ukishapata jina, rangi ipi?

Hapa kuna mtego ambao huwanasa hata waliotambua sawasawa. Wafumaji wa leo huuza tartani moja katika ukolezi tofauti. Kuna uitwao wa kisasa, wenye rangi nzito. Kuna uitwao wa kale, wenye rangi nyepesi za kuiga dawa za mimea. Kuna pia wa kuiga kitambaa kilichochakaa. Mtu mwenye kilti ya zamani husikia "kale" akadhani ndiyo yake. Kwa kilti ya jeshi sivyo. Kitambaa cha jeshi kilikuwa kizito wa rangi, kwa hiyo ukolezi wa kisasa ndio ulio karibu zaidi na kile alichokabidhiwa askari. Isipokuwa Argyll, ambayo huagizwa kwa ukolezi wake mwepesi wa jeshi. Kilinganishe kitambaa cha duka na bonde la ndani ya rinda, usikilinganishe na upande wa nje, ama sivyo utanunua uchakavu.

Uzito nao una maana. Kitambaa cha kilti kinachouzwa sana ni cha aunsi 13 au 16 kwa yadi. Kile cha jeshi kilikuwa kizito kuliko vyote viwili. Chagua cha 16. Marinda yatashuka vizuri, na kijana akitembea yatarudi mahali pake yenyewe.

Yule dada alilipiga picha lile rinda likiwa wazi, ncha ya sindano yangu ikionyesha nyekundu, akaituma kwenye kundi la familia. Nusu saa haikupita, wifi akapiga simu. Alikuwa na medali ya babu yake, mzee yuleyule, kwenye droo, na hakuwahi kuisoma ukingoni. Akawasha taa ya simu, akaisogeza karibu na macho, akasoma kwa sauti herufi moja moja: jina la mzee, namba yake, kisha S, E, A, F. Nilimsikia akinyamaza. Halafu akauliza kama mkunjo wa marinda tutaufuata uleule wa babu.

Nikamwambia ndiyo, rinda kwa rinda. Tulipima kiuno cha kijana jioni ileile.